Usimtafutie Mtoto Muda, Mwingize Kwenye Ulio Nao

Ukikaa na wazazi wa mjini, lalamiko la kwanza ni muda. Baba anatoka Chanika saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, foleni imeshammaliza. Mama anafunga duka saa moja jioni, na nyumbani kunamsubiri chakula cha kupika, sare za kufua na daftari la mwalimu la kusaini. Mwambie mzazi wa namna hii acheze na mwanawe nusu saa kila siku, atakuona hujui unachosema. Na ana haki. Ushauri mwingi wa malezi tunaopewa humdhania mzazi kuwa ana alasiri nzima mikononi na uwanja wa nyasi nyuma ya nyumba.

Matokeo yake malezi yanasukumwa hadi Jumamosi. Mtoto anapelekwa kwenye bembea za kulipia, ananunuliwa chipsi na soda, mzazi anakaa kwenye kiti cha plastiki na simu yake mpaka muda wa bembea uishe. Fedha imetoka, mtoto amefurahi, lakini ukiwauliza walizungumza nini siku ile, hawana la kusema.

Mimi nashauri njia nyingine. Muda wa kukaa na mtoto tayari upo, umo ndani ya kazi za kila siku: kupika, kwenda sokoni, kupanda daladala, kufua, kumwagilia, kungoja umeme urudi. Tumezoea kumwondoa mtoto kwenye kazi hizo ili ziishe haraka. "Toka hapa, nenda kacheze." Mrudishe. Mtoto mdogo huvutwa sana na kazi halisi ya mtu mzima anayempenda, na humo anajifunza lugha, hesabu, subira na adabu bila kukalishwa darasani.

Desemba 2021 Serikali ya Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto hadi umri wa miaka 8. Imejengwa juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Afya na lishe wazazi wengi tunavijua, maana kliniki wanatukumbusha kila tunapopeleka mtoto kupimwa uzito. Malezi yenye mwitikio ndiyo yanayosahaulika. Maana yake ni nyepesi: mtoto akitoa ishara, mkubwa anajibu. Mtoto wa miezi sita akisema "ba-ba-ba" wakati unakunja nguo, mtazame machoni, mjibu, halafu nyamaza umsubiri aseme tena. Atasema. Mazungumzo hayo hayagharimu hata senti, na mikono yako inaendelea kukunja nepi.

Tuanze jikoni, maana ndiko kwenye utajiri. Chukua mchele wa usiku huo, mimina kiasi kwenye ungo, mketishe mtoto wa miaka minne au mitano mkekani karibu yako. Mwonyeshe chuya ilivyo: punje ambayo bado imevaa ganda, ya kahawia, yenye ncha. Mwonyeshe na jiwe jeupe linavyojificha katikati ya punje nyeupe. Kisha mwachie ungo. Mwanzoni atamwaga kidogo, au atatupa mchele mzuri na kuacha chuya. Msahihishe kwa kumwonyesha tena, usimnyang'anye. Baada ya muda utamwona ameinama, ulimi umechomoza pembeni ya mdomo, kidole kimoja kinasogeza punje mojamoja. Akipata jiwe atapiga ukelele. Wekeni mawe kwenye kizibo kimoja na chuya kwenye kingine, mhesabu: mawe matatu, chuya saba, zipi nyingi, zimezidi ngapi? Hapo ameshaanza kutoa, na hakuna aliyemwambia kuwa anafanya hesabu. Wali ukiandaliwa, mtaje mbele ya baba na bibi: leo mchele amechambua fulani. Sifa ya namna hiyo mtoto anatembea nayo wiki nzima.

Kazi nyingine za jikoni zina umri wake. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuchuma majani ya matembele kutoka kwenye vikonyo na kuosha nyanya kwenye beseni. Wa miaka mitano anamenya kitunguu saumu ukishakiloweka kwenye maji ya vuguvugu, na anatenganisha maharage ya soya na ya njano yaliyochanganyika. Wa miaka saba anakanda unga wa chapati, anakata matonge na kusukuma. Chapati yake ya kwanza itatoka na pembe, upande mmoja mnene na mwingine umetoboka. Ichome hivyohivyo, uiweke kwenye hotpoti pamoja na zako. Wazazi wengi hukosea hapa: wanampa mtoto donge la kuchezea, likishakuwa jeusi kwa mikono wanalitupa. Mtoto anaona. Anaelewa kuwa kazi yake haikuwa kazi.

Tahadhari ni za lazima. Jiko la mkaa na sufuria ya mafuta vikae mbali na njia ya mtoto, na mipini ya sufuria igeuzwe ukutani. Mbuzi ya kukunia nazi na kisu visubiri hadi awe mkubwa wa kutosha na wewe uwe umesimama naye. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asiachiwe maharage, karanga, gololi wala vizibo, kwa sababu huviingiza mdomoni na puani, na vinaweza kumkaba. Ndoo ya maji iliyo wazi nayo ni hatari kwa anayeanza kusimama; ifunike hata kama unatoka kwa dakika moja.

Na kina baba wasipite sehemu hii wakidhani inawahusu wake zao. Kama jikoni huingii, unaosha pikipiki, unabadilisha balbu, unaziba pancha ya baiskeli, unapiga msumari kwenye mlango wa banda. Mwite mtoto ashike tochi, akupe spana namba 10, atafute tundu la mpira kwa kuuzamisha kwenye beseni na kutazama mapovu yanatokea wapi. Mwite wa kike na wa kiume. Mtoto atakayemkumbuka baba yake kwa mapovu yale ni tofauti sana na atakayemkumbuka kwa karo tu.

Njiani pia kuna shule. Daladala za Dar es Salaam zinabeba majina ya vituo kwenye vioo vya mbele kwa herufi kubwa, na mtoto wa darasa la kwanza anazisoma kwa hamu kuliko ukurasa wa kitabu. Mpe kazi: tunatafuta gari la Mbagala, wewe ndiye mlinzi, likija uniambie. Atasoma Gongo la Mboto, Makumbusho, Kimara, Tegeta, atakosea, atasahihishwa na konda. Sokoni mpe shilingi elfu mbili, mwache yeye aulize bei ya fungu la nyanya, achague, alipe, ahesabu chenji kabla hajaifumbata. Mwambie mapema kwamba asalimie kwanza: "Shikamoo mama, nyanya unauzaje?" Wauza mboga wetu wana moyo, mara nyingi watamwongezea moja.

Halafu kuna swali tunalouliza wote mtoto akirudi shule: "Shule ilikuwaje?" Jibu lake ni "nzuri", na mazungumzo yamekufa. Uliza kitu kinachoshikika. Nani alikaa karibu yako leo? Mwalimu alicheka saa ngapi? Mlicheza nini mapumziko, na nani alikataliwa kucheza? Hili la mwisho linatoa mengi. Mtoto anayeonewa hasemi kwamba anaonewa, ila atasimulia nani aliachwa nje ya rede, na ukisikiliza vizuri utajua kama ni yeye. Usikimbilie kutoa hukumu wala kumpigia mwalimu simu papo hapo. Sikiliza hadi mwisho, endelea kuchambua mchele. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, mtoto husema mambo ambayo asingeyasema akikalishwa kwenye kochi na kuhojiwa.

Usiku ni wa hadithi na vitendawili, na umeme ukikatika ndiyo bora zaidi. Wenye umri wangu tulilelewa humo. Sehemu tunayoiacha siku hizi ni ile ya kutoa mji, nayo ndiyo tamu. Mtoto anatega, mnashindwa, anasema "Nipe mji." Mmoja anamwambia nenda Kigoma. Msikubali aende na kurudi mara moja kwa jibu. Mwulizeni: umefikaje, kwa treni au kwa basi? Umekula nini? Kama hajui, mwambieni kuna migebuka kutoka Ziwa Tanganyika. Kesho mpeleke Bukoba akale senene, keshokutwa Muheza akachume machungwa, siku nyingine Tukuyu kwenye ndizi na baridi. Kwa mwezi mmoja wa vitendawili atakuwa ameizunguka nchi, na atakapoikuta ramani darasani atakuwa na mahali pa kuishika.

Mwache naye atunge vyake. Vya mwanzo havitakuwa na kichwa wala miguu: "Nina kitu kinaenda." Jibu: "Gari!" Msimcheke, mwulizeni kinaendaje, kina rangi gani, kinakula nini. Kwa kuulizwa hivyo atagundua mwenyewe kwamba kitendawili kizuri huficha kitu huku kikikionyesha. Hadithi nazo msizigeuze mahubiri. Sungura akimdanganya Fisi, acha amdanganye; mtoto ataamua mwenyewe nani alikuwa mjanja na nani mwovu, na mara nyingi ataamua kinyume cha ulivyotarajia. Ukiishiwa za Sungura, simulia za kwako: siku uliyopotea mnadani, mbuzi wa babu aliyekula shuka, jinsi mama yako alivyokuwa akikuita ukiwa juu ya mwembe. Hizo hawazichoki. Wataomba zirudiwe, na ukibadilisha kipande watakurekebisha.

Kama umeme umekatika na mna tochi moja, ielekezeni ukutani mfanye vivuli kwa mikono: mbwa, ndege, sungura. Mtoto wa miaka sita atagundua kwamba mkono ukisogea karibu na tochi kivuli kinakua, ukisogea karibu na ukuta kinapungua. Mwulize kwa nini, na usimjibu usiku huohuo.

Vitu vya kuchezea havihitaji kununuliwa. Gari la boksi la dawa ya meno lenye matairi ya kandambili iliyokatika bado linashinda gari la plastiki la dukani, kwa sababu mtoto analijua kwa ndani, likivunjika analitengeneza. Kaeni chini mlitengeneze pamoja. Kazi ya mkubwa ni kukata ile kandambili kwa kisu, mengine mwachie. Ukipata vijiti viwili vya ufagio wa chelewa, karatasi ya gazeti, uji mzito wa unga wa ngano wa kugandishia, uzi na kipande cha kanga iliyochakaa cha kufanya mkia, mna tiara, ambayo wengine huiita kishada. Zamani wengi tulitumia mifuko ya nailoni. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Juni 2019, na gazeti linaruka vizuri tu. Jioni za kusi, Juni na Julai, upepo wa pwani ni wa kutosha. Chagueni mahali pasipo na nyaya za umeme. Tiara ikiyumba na kuanguka, mkia ni mfupi. Ikishindwa kupanda, mkia ni mzito. Mwache mtoto ajaribu yote mawili kabla hujamwambia.

Mdako nao unarudi vizuri sana, hata kwenye kibaraza cha saruji. Chora duara kwa chaki, weka kokoto kumi na mbili, shika moja ya kurusha. Rusha juu, kwa mkono uleule toa kokoto kwenye duara, daka ile iliyorushwa kabla haijaanguka. Rusha tena, rudisha zote ukiacha moja nje. Jicho na mkono vinafundishwa kwenda pamoja, na hakuna kompyuta inayohitajika. Bibi wengi wana mikono ya ajabu kwenye mchezo huu. Mwombe acheze na mjukuu, uone heshima itakavyopanda nyumba nzima.

Sasa simu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja pia haishauriwi, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unataka watoto wa mwaka mmoja hadi minne wapate angalau dakika 180 za kujongea na kucheza kwa siku. Najua simu inavyomtuliza mtoto wakati mboga inaungua. Lakini tatizo kubwa ninaloliona kwenye nyumba zetu ni simu ya mzazi. Mtoto anasimulia, mzazi anaitikia "mmh" huku kidole kinapandisha video. Mtoto anajua. Wekeni simu zote, za wakubwa kwanza, juu ya kabati tangu chakula kinapopakuliwa hadi watoto wanapolala. Anayekutafuta kwa dharura atapiga, utaisikia.

Dada wa kazi hatajwi sana kwenye mazungumzo ya malezi, wakati kwenye nyumba nyingi yeye ndiye anayeshinda na mtoto. Kama amelemewa na kufua, kupika na kudeki, atamwashia mtoto katuni toka asubuhi, na usimlaumu. Mpunguzie kazi moja, na umwambie wazi kwamba kuzungumza na mtoto ni sehemu ya kazi yake, na unaithamini kuliko sakafu inayong'aa. Wengi wao wametoka vijijini na hadithi, nyimbo na michezo ambayo sisi tumeshaisahau. Mwombe amfundishe mtoto. Na yeye mwenyewe, ambaye mara nyingi ni binti mdogo, aingie kwenye duara la vitendawili usiku badala ya kubaki jikoni na vyombo.

Zipo siku ambazo mzazi hana hata nguvu ya kusema. Lala kifudifudi kwenye mkeka, mwambie mtoto akukanyage mgongo taratibu. Au awe daktari, wewe mgonjwa: akupime homa, akuandikie dawa, akukataze kusimama. Umepumzika, na yeye amekuwa na wewe.

Matembezi sitayasema sana. Kwa walio Dar es Salaam, pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni ni safari kamili ya mtoto: kuna maji, magari yanayoingia chomboni, meli zinazoelekea bandarini, na nauli yake haizidi bei ya soda. Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali ambazo mtoto anaweza kuingia na kugusa kuta zake. Walio mikoani wana mto, kilima, stesheni ya treni, mnada wa ng'ombe. Nendeni pale, mkae mtazame, mrudi mkisimuliana.

Watoto wa miaka kumi na kuendelea hufikiriwa kuwa wameshapita umri wa kukaa na wazazi. Si kweli, wanachotaka ni kazi kubwa zaidi. Mpe mtoto wa miaka kumi na mbili bajeti ya chakula cha siku moja ya likizo, apange, anunue, apike, nanyi mle alichoamua. Mpe tuta la mchicha au makopo matano yenye udongo mlangoni. Kwa wiki tatu hadi nne atakuwa anavuna, na mboga ile inunuliwe kwake kwa bei ya gengeni. Mfundishe bao. Lina safu nne za mashimo manane na kete 64, na likikosekana mnachimba mashimo uani na kutumia komwe au kokoto. Mtoto anayemzuia baba yake kwenye bao na kumla kete, na baba akakubali kushindwa, atakuja kwa baba huyohuyo na maswali magumu ya ujana.

Wazazi wenzangu, msingoje likizo ya Desemba wala mshahara. Jumamosi hii mkienda sokoni, mpeni mtoto kikapu na fedha, aulize bei yeye, nanyi msimame hatua mbili nyuma.